Pesa Iliyotoka Bila Hodi

Dada yangu anauza mahamri na mbaazi karibu na njia panda ya Timboni, hapa Watamu. Kila alfajiri, kabla mabaharia hawajateremka pwani, huwa ameshaepua karai ya kwanza. Pembeni mwake kuna daftari lililoingia mafuta, na kalamu iliyofungwa kwa uzi wa nyavu isipotee. Humo huandikwa madeni: fulani mahamri 4, fulani mbaazi sahani 1. Mtu akilipa, dada hufungua ukurasa, humwonyesha mstari wake, kisha huukata naye akiona. Nimelizoea jambo hilo miaka mingi wala sikupata kulifikiria, mpaka Jumatatu ya wiki hii.

Jumatatu alinipigia simu. "Kaka, njoo upesi. Pesa za karo zinaliwa benki."

Nilipofika alinipa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Jumbe za benki zilikuwa 4, moja kila mwezi, na kila moja ina kiasi kinachopishana kidogo na mwenzake. Yeye alidhani ni wezi wanne. Nilipozisoma nikatambua kwamba anayekata ni mmoja, kampuni ya kuonyesha filamu mtandaoni. Wakati wa likizo mwanawe alimwambia, "Mama, ni bure wiki nzima, wanataka namba ya kadi tu." Akampa. Wiki ikaisha, kijana akarudi shule ya bweni, na tangu hapo hakuna aliyetazama hata filamu moja nyumbani mle. Kadi ikaendelea kukatwa. Bei ilikuwa kwa dola, ndiyo maana shilingi zikawa zinapanda na kushuka.

Jumla ilifika shilingi 4,160. Dada hakuhitaji kikokotoo. "Mahamri 416," akasema, kisha akanyamaza.

Tulikaa karibu nusu saa tukitafuta jinsi ya kujitoa. Kitufe cha kujiunga tulikiona mara tu tulipofungua, kikubwa, cha rangi kali. Cha kujitoa tulikipata baada ya kupita ukurasa baada ya ukurasa, zote kwa Kiingereza, na kila mmoja unatuuliza kama tuna hakika. Mimi ninayesoma Kiingereza kila siku nilipotea mara mbili. Dada, anayesoma Kiswahili chake vizuri kabisa, angefanyaje peke yake?

Najua yupo msomaji anayesema: si alikubali mwenyewe? Namba ya kadi alitoa nani? Masharti yalikuwepo, angeyasoma. Hoja hiyo naiheshimu, maana mtu mzima hubeba neno lake. Lakini alikubali nini? Alikubali wiki moja ya bure. Kukubali wiki ya kuonja ndiko kukubali miezi yote ijayo? Huku kwetu, hata jirani uliyemkaribisha jana, leo akija hupiga hodi tena. Husimama nje akangoja aambiwe karibu. Karibu ya jana haimpi ruhusa ya kuingia leo, seuze kuingia mpaka chumbani kunakowekwa pesa.

Na tusidanganyane kwamba teknolojia haiwezi kupiga hodi. M-Pesa tunaitumia tangu 2007, na ukituma pesa haitoi shilingi mpaka uweke namba yako ya siri. Hukuonyesha na jina la anayepokea, ili uwahi kusitisha ukiona umekosea. Stima ya tokeni ikiisha, unabaki gizani mpaka ununue nyingine. King'amuzi usipokilipia, picha inakatika, na hakuna anayekuingilia mfukoni. Hata hao wa filamu wanajua njia hiyo. Netflix, waliofika Kenya Januari 2016, walifungua mpango wa bure kwa simu za Android hapa nchini Septemba 2021, na kujiunga hakukuhitaji kadi. Mpango huo ulipofungwa Novemba 2023, aliyetaka kuendelea alichagua mwenyewe kulipa. Kwa hiyo inawezekana mtu akaonjeshwa bila kuwekewa ndoana.

Mwingine ataniambia kwamba shilingi elfu moja kwa mwezi si kitu. Huyo namwomba aje Watamu wakati wa kusi. Mwezi wa kalenda unamfaa mwenye mshahara, kwa kuwa tarehe ya kulipwa anaijua. Sisi riziki yetu hufuata upepo na maji. Kaskazi ikivuma, Waitaliano na wageni wengine hujaa, mashua huenda na kurudi kwenye hifadhi ya bahari, na dada hukaanga mpaka unga ukaisha. Kusi ikishika, bahari huchafuka, mashua huvutwa juu mchangani, na hoteli nyingi hufunga mageti. Mvuvi naye huhesabu bamvua na maji mafu. Nahodha aliyechukua mahamri ya mkopo Mei hulipa watalii wakirudi, na dada hulijua hilo, humngoja. Kadi haingoji. Tarehe ikifika inakata, iwe ni kaskazi au ni kusi.

Zamani tulikuwa na vibanda vya video. Nilipokuwa kijana tuliingia kwa shilingi chache, tukakaa kwenye mabenchi ya mbao, tukatazama filamu zilizosimuliwa na DJ Afro. Ulilipa mlangoni, ukatazama, ukatoka, mkawa mmemalizana. Siku huna kitu, ulipita njia yako na hakuna aliyekufuata nyumbani. Simaanishi turudi huko. Filamu hugharimu, na wanaozitengeneza wana watoto. Mwaka 2022 nilifurahi kama Wakenya wengi tulipoona Country Queen, tamthilia yetu, ikitazamwa duniani kote. Walioifanya wanastahili kulipwa. Ninachotaka ni walipwe na anayetazama, kwa siku anazotazama.

Basi ni nini kingekuwa haki? Bei itajwe kwa shilingi, pamoja na VAT ya asilimia 16, ili mtu ajue mapema kitakachotoka. Kuwe na malipo ya siku na ya wiki, kama tunavyonunua bando. Kabla ya kukata, ujumbe uje kwa Kiswahili, na ukatwaji ungoje jibu. Na kujitoa kuwe kwepesi kama kujiunga. Ujerumani, wanakotoka baadhi ya wageni wetu, sheria iliyoanza kutumika Julai 1, 2022 inawataka wanaouza huduma za kujiunga mtandaoni waweke kitufe cha kujitoa mahali panapoonekana. Kwetu, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na kile anachonunua. Dada yangu ni mnunuzi. Habari alizopewa zilikuwa za lugha gani, na ziliandikwa wapi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kampuni ile daftari inalo, tena la kompyuta. Lakini limekaa upande wao tu, na aliyeandikwa humo haonyeshwi mstari wake. Kwangu mimi, biashara inayotegemea usahaulifu wa mteja si biashara ya haki, hata kama sheria haijaikataza.

Jana alfajiri nilipita Timboni kunywa chai. Dada alikuwa amefungua ukurasa mpya. Juu aliandika jina la kampuni, herufi moja moja, kama lilivyo kwenye ujumbe wa benki. Chini yake: mahamri 416. Nikamuuliza kwa nini analiandika ilhali wenyewe hawatapita hapa kamwe. "Kwa sababu ni deni," akanijibu, akageuza mahamri karaini.