Je, Mti Wafaa Kuwa Ukumbusho?

Desturi ya kuwakumbuka wema waliotutangulia ni ya kale. Wengine husimamishiwa sanamu, na wengine majina yao hupewa barabara. Lakini mtu aliyetumia maisha yake kuihifadhi misitu na kuirudisha palipobaki vumbi, yafaa akumbukwe kwa nini? Wengi watajibu upesi: kwa mti. Jibu hilo ni jema, ila lina uzito zaidi ya unaodhaniwa.

Tumtazame Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya waliandamana hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba kwa heshima ya watu mashuhuri waliokwisha fariki, wa jamii mbalimbali za nchi hiyo. Basi kazi iliyokuja kujulikana kwa jina la Ukanda wa Kijani ilianza kwa ukumbusho. Na katika miti hiyo saba, mitano ilikufa.

Wako watakaosema kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuchagua jiwe. Jiwe halinyauki, wala haliliwi na mbuzi. Nasi hatuwezi kuidharau hoja hiyo, kwani yametupata. Shuleni kwetu tulipanda mche wa kumkumbuka mwalimu mwenzetu. Hotuba zilikuwa ndefu, na machozi yalikuwa ya kweli. Likizo ikaingia, kiangazi kikafuata, na tuliporudi tulikuta kibao chenye jina lake kimesimama imara kando ya kijiti kikavu. Twakiri kwamba kwa siku nyingi tulipita hapo tukitazama upande mwingine.

Hata hivyo, aibu ile ndiyo iliyotufunza. Jiwe lingetuacha tusahau kwa amani; mti ulitushtaki. Sisi walimu wa lugha twajua kwamba neno "ukumbusho" halitokani na "kumbuka" bali na "kumbusha": ni kitu kimfanyacho mtu akumbuke, apende asipende. Kisichotudai chochote ni pambo tu.

Wangari Maathai alilielewa jambo hili. Wanawake wa vijijini waliolea miche ya Ukanda wa Kijani walilipwa fedha kidogo kwa kila mche uliosalimika, si kwa kila shimo lililochimbwa. Wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwa ulezi huo ilipandwa miti zaidi ya milioni 30, naye mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alipofariki tarehe 25 Septemba 2011, kwa matakwa yake mwenyewe hakuwekwa katika jeneza la mbao. Lilitengenezwa la mianzi, mafunjo na magugu-maji, ili pasikatwe mti kwa ajili yake.

Twaona, basi, kwamba mti wafaa kuwa ukumbusho kwa sababu ileile inayowafanya wengine waukatae: waweza kufa. Anayeupanda amejitwika deni mbele ya marehemu.

Ndugu walimu, sisi tumepanda mche mwingine mahali palepale. Safari hii hapakuwa na hotuba. Ipo orodha ya zamu za kumwagilia maji, na majina yetu yametangulia ya wanafunzi. Siku za likizo nazo zimo.