Baba, Nawe Ukapimwe

Wapendwa wa Mususa hapa Butembo, nanyi wa Beni mtakaofikiwa na karatasi hii, kuna dhambi tumeizoea mpaka tunaiita desturi. Binti anaolewa, mbuzi wa mahari wanatolewa, mwaka unapita na bado hakuna mtu anayemwita Mama Paluku wala Mama Masika. Ukoo unaketi. Anayewekwa kati ni bibi peke yake! Mashangazi wanamhoji juu ya ujana wake, mama mkwe anatafuta mwingine, na bwana amekaa na wazee wala haulizwi neno.

Nani aliyewaambia kwamba mwanaume hana lake? Katika karibu nusu ya ndoa zinazokawia kupata mtoto, shida iko kwa mume pia, au kwake peke yake. Mbegu ni chache, au ni dhaifu, au kisonono cha zamani kimeziba njia zinamopita. Matubwitubwi yakimpata kijana aliyekwisha balehe yanaweza kuharibu korodani. Mishipa iliyovimba humo, pombe nyingi, tumbako: vyote hupunguza mbegu. Wala usijivunie nguvu za kitandani, ndugu yangu, maana mtu anaweza kuwa nazo zote na mbegu zisiwepo. Kipimo hakiumi. Unajizuia siku 2 hadi 7, unatoa mbegu katika kikopo safi, na mtu wa labo anazihesabu kwa darubini. Hiyo ndiyo aibu unayoikimbia, huku mke wako akinyweshwa dawa za miti kila mwezi?

Kwa mama, mara nyingi mirija ya uzazi imeziba kwa magonjwa ya zinaa, klamidia au kisonono, au kwa maambukizo baada ya kuzaa ama baada ya mimba kutolewa kwa siri. Wengine mayai hayakomai kwa sababu ya homoni, wengine wana uvimbe katika kizazi, na baada ya miaka 35 uzazi hupungua upesi. Klamidia inaweza kukaa mwilini bila maumivu yoyote.

Sasa nisikilizeni, wafanyabiashara. Bwana anakwenda Kampala kuleta mali, anarudi na ugonjwa wa namna hiyo, anajitibu kwa vidonge vya dukani bila kumwambia mtu. Bibi haponywi. Mirija yake inaziba. Kisha huyo huyo bibi anafukuzwa kwa kuwa hazai! Mungu anaona jambo hilo, na mimi sitalinyamazia.

Someni 1 Samweli, sura ya 1. Hana hakuwa na mtoto, Penina mke mwenzake akamchokoza hadi akakosa kula. Je, Elkana mumewe alimrudisha kwao? Alimpa fungu lake mezani na kumbembeleza. Hana aliomba, nasi tuombe. Lakini anayeomba asikatae muganga. Hapa Butembo na Beni, katika Ebola ya 2018 hadi 2020, tuliona jinsi uvumi na kuficha wagonjwa vinavyojaza makaburi.

Kwa hiyo, mkikaa miezi 12 pamoja bila kinga na mimba isiingie, nendeni hospitali. Kama mama amepita miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6. Nendeni wawili, siku moja, mkae benchi moja. Mama wakwe, acheni kumtafutia mwanenu bibi wa pili kabla mwanenu hajapimwa. Nawe baba, usimtume mkeo atangulie. Tangulia wewe.