Khutba ya Ijumaa: Kuzeeka kwa Heshima ni Kazi Yetu Sote

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa zote njema anastahiki Allah Subhanahu wa Taala, aliyetutoa matumboni mwa mama zetu tukiwa hatujui kitu, akatupa nguvu, na akipenda huturudisha kwenye udhaifu pamoja na mvi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, Masahaba wake na wote wanaofuata njia yao hadi siku ya Kiyama.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu wa Butembo na Beni, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Leo tuzungumze juu ya wazee wetu.

HALI YA WAZEE WETU

Tangu Oktoba 2014 watu wa upande wa Beni wanauawa mashambani na vijijini. Mbau, Oicha, Eringeti, Mayi-Moya: majina haya kila mmoja wetu anayajua kwa uchungu. Maelfu wamekimbia, na wengi wao wamekuja kukaa mjini Beni na huku Butembo kwa ndugu au katika nyumba za kupanga. Kati yao wamo wazee.

Mtazame mzee aliyekuwa na shamba lake la kakao. Kule alikuwa na neno. Wageni walikula kwake, vijana walimwomba shauri, majirani wakigombana mpaka wa shamba aliitwa yeye. Leo amekaa pembeni ya chumba cha mkwe wake. Sahani inapoletwa anakula kidogo, anasema ameshiba, kumbe anaona haya. Hakuna anayemtukana, lakini hakuna anayemuuliza kitu. Na mama mzee ambaye mume wake na watoto wake wamekufa ana shida zaidi, maana hata msikitini jina lake halitajwi mpaka siku ya jeneza.

Tena wako wazee ambao hawakukimbia. Kijiji kiliposikia risasi, mzee alisema: nendeni ninyi, mimi sina miguu. Watu wakaenda. Tusiwalaumu waliobeba watoto mgongoni usiku. Lakini tujiulize: kabla ya usiku ule, ni nani alikuwa amefikiri atambebaje?

DINI YETU INASEMA NINI

Katika Suratul Israa, aya ya 23 na ya 24, Mola wetu ameunganisha kumwabudu Yeye peke yake na kuwatendea wema wazazi. Amewataja wakiwa wamefikia uzee nasi tunaishi nao, akatukataza hata kuwaguna. Ndugu, kuguna ni kitu kidogo kabisa. Kama kidogo hicho kimekatazwa, vipi kumwacha mzee siku nzima bila maji ya kunywa? Vipi kuuza parseli yake bila kumuuliza?

Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba asiyemhurumia mdogo wetu na asiyejua haki ya mkubwa wetu hayumo katika mwendo wetu. Siku Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 wa Hijra, Sayyidna Abubakar alimleta baba yake, Abu Quhafa, mzee kipofu mwenye kichwa cheupe, apate kusilimu. Mtume akamwambia Abubakar kwamba angemwacha mzee nyumbani, yeye mwenyewe angemwendea. Jeshi zima limeingia mji, mambo ni mengi, na kiongozi yuko tayari kutembea hadi mlangoni kwa mzee mmoja! Sisi tuna kazi gani kubwa kuliko ile, hata tukose nafasi ya kupita nyumba ya tatu?

Tazameni pia Ummu Ayman, aliyemlea Mtume utotoni. Mtume alikuwa akimzuru. Alipofariki Mtume, Abubakar na Umar walikwenda kumzuru kama alivyokuwa akifanya yeye. Hawakumwendea kwa sababu ana njaa. Walikwenda kukaa naye, wakalia pamoja.

MZEE ANA KITU CHA KUTOA

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi tunalisahau. Tunadhani kumheshimu mzee ni kumpa bugali, blanketi na dawa, basi. Hayo ni wajibu, lakini hayatoshi. Mtu akilishwa tu wala asitumwe, asiulizwe, asisikilizwe, moyo wake unakufa kabla ya mwili.

Katika Suratul Qasas, kuanzia aya ya 22, tunasoma habari za Nabii Musa, amani iwe juu yake. Alikuwa mkimbizi. Alitoka Misri akiogopa kuuawa, akafika Madyan hana kitu. Pale kisimani akawakuta mabinti wawili ambao baba yao ni mzee sana, akawanyweshea wanyama wao. Yule mzee hakuwa na nguvu za kuteka maji. Lakini ni nani aliyempa mkimbizi Musa usalama, nyumba, mke na kazi ya miaka minane au kumi? Ni yule yule mzee. Kijana alikuwa na mikono, mzee alikuwa na nyumba na hekima, na kila mmoja alimhitaji mwenzake.

Basi wazee wetu waliokimbia Beni na Lubero wana nini? Wanajua majira ya kupanda na namna ya kukausha kakao na kahawa. Wanajua ukoo upi umeoana na upi. Wanajua watu walivyopatanishwa zamani bila bunduki. Mzee akae madrasani Jumamosi, awasikilize watoto wakisoma Juzuu Amma. Magomvi ya ndoa na ya mipaka yapelekwe kwake kwanza. Mama mzee awafundishe mabinti kusuka na kulea. Mwenye nguvu kidogo apewe kipande cha ardhi nyuma ya nyumba apande lenga-lenga. Tusimwambie: koko, kaa tu. Neno hilo tunalisema kwa huruma, nalo linamvunja.

Na hapa nionye juu ya dhambi kubwa. Mahali pengi mashariki ya nchi yetu, mtoto akiugua au akifa, kidole kinamwelekea mama mzee mjane mwenye macho mekundu: ni mchawi. Wengine wamefukuzwa, wengine wamepigwa, wengine wameuawa. Macho mekundu ni moshi wa jikoni wa miaka 50. Kumsingizia mtu bila ushahidi ni haramu, na kuua nafsi isiyo na hatia ni sawa na kuua watu wote. Muislamu akisikia maneno hayo mtaani asimame mbele ya mlango wa yule mama, hata kama si wa dini yetu.

Sayyidna Umar alipomkuta mzee Myahudi akiombaomba kwa sababu ya uzee na kodi, alimpeleka kwake, akampa, kisha akaamuru asilipishwe tena na atunzwe kwa mali ya hazina. Aliona si haki kula ujana wa mtu kisha kumtupa akizeeka. Kwa hiyo mzee jirani yetu Mkatoliki au Mprotestanti naye ana haki kwetu.

TUFANYE NINI

Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 49, inasema wazee wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Wenzetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kumpa kila mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kila mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Huko pia ziko nyumba za wazee wasio na jamaa, Sebleni na Welezo. Kwetu pensheni ni ya aliyefanya kazi ya mshahara, tena akiipata. Mkulima na mama wa sokoni hawana. Haki tuidai, lakini tusingoje. Msikiti uanze na haya manne:

1. Kila avenue yenye Waislamu, vijana watatu waandike majina ya wazee walioko, wenyeji na waliokimbia. Mzee asiyeonekana Ijumaa moja aulizwe siku ile ile.

2. Kila mzee ajulikane atabebwa na nani. Siku ya hatari si siku ya kutafuta. Jina la kijana, moto au chukudu, na njia itakayopitwa, vipangwe leo, na mzee mwenyewe aambiwe ili alale kwa amani.

3. Katika MUSO na likelemba zetu tuweke sanduku dogo la dawa za tansio na sukari. Mwenye mtoto wa jicho apelekwe kwa daktari, maana wengi tunaowaita vipofu wanaweza kupasuliwa wakaona.

4. Msikiti wenyewe ufae wazee. Asubuhi za Butembo ni za baridi, na vilima vyetu vinateleza mvua ikinyesha. Tuweke maji ya moto, kiti cha kutawadhia, mti wa kushika kwenye ngazi, na viti safuni. Asiyeweza kusimama husali amekaa, asiyeweza kukaa husali kwa ubavu. Na sisi maimamu tusirefushe sala, maana Mtume alikasirika kwa jambo hilo, akakumbusha kwamba nyuma yetu wako wadhaifu, wagonjwa na wazee.

KWENU NINYI WAZEE, NA KWETU TUNAOKARIBIA

Baba zetu na mama zetu, nanyi mna wajibu. Msikae kimya kwa uchungu. Tembeeni kidogo kila siku, ombeni kazi, semeni mnachojua. Andikeni wasia wenu na madeni yenu mbele ya mashahidi, ili parseli isije ikawagombanisha watoto wenu juu ya kaburi. Msameheane na mliowakosana nao.

Nasi tulio na miaka 50 na kuendelea, tukumbuke Mtume ametuusia tuuwahi ujana kabla ya uzee, na afya kabla ya ugonjwa. Namna tunavyowatendea wazee leo, watoto wetu wamesimama mlangoni wanaitazama na kujifunza.

DUA

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia. Wape wazee wetu afya, imani na mwisho mwema. Waliouawa Beni, Lubero na Ituri wapokee kwa rehema yako, na waliokimbia warudishe makwao kwa usalama. Izuie mikono ya wauaji, wale wanaolitaja jina lako na hali wanamwaga damu uliyoiharamisha. Tusiache mzee wetu nyuma, wala usituache sisi siku nguvu zetu zitakapokwisha. Amin.

Wasalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Msomee aliyebaki nyumbani.)