Sauti ya Juu na Ulimi wa Chinichini

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha binadamu kusema, kisha akamuwekea juu ya kila tamko lake mwangalizi asiyeghafilika. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, yako makosa ambayo mtaa mzima huyasikia, na yako makosa ambayo hayasikiwi ila na watu wawili watatu na Malaika wao. Sisi watu wa pwani tu hodari wa kuyakemea yale ya kwanza. Haya ya pili twayanywa pamoja na kahawa. Khabari nitakayoieleza hapa yaonyesha jambo hilo, nami naieleza kwa idhini ya mwenyewe, bila ya kumtaja yeye wala ofisi yake.

Kijana mmoja katika wanafunzi wa darsa yetu alinijia baada ya swala ya alasiri, uso umemkunjamana. Yeye ni karani katika ofisi moja hapa Mombasa, kazi yao ni kuwatolea wafanyabiashara mizigo bandarini. Akaniambia: "Sheikh, nimechoka. Ofisini kwetu ameletwa mtu mpya, hajatimiza miezi mitatu, na raha yote ametuondolea. Akisema na simu, walio nje ya mlango wamsikia. Hapana jambo asilokuwa na rai nalo. Likitajwa la forodha, yeye ndiye ajuaye. Likitajwa la siasa, yeye ndiye ajuaye. Hata chai atufunza namna ya kuitia tangawizi. Juzi mkutanoni alimkatiza maneno mzee wetu, aliyeifanya kazi hii miaka thalathini. Na tena ni mtu wa kuja, desturi zetu hazijui. Basi sisi tumemwachia pembe yake. Akitujia twanyamaza, akiondoka twaendelea."

Kisha akaniigizia huyo mwenziwe. Akatanua kifua, akainua kidole, akasema kwa sauti ile ile. Aliigiza vizuri mno, nami nikacheka.

Nawaomba mkikumbuke kicheko hicho, kwani nitakirejea.

Akaendelea: "Sheikh, Lukman si alimuusia mwanawe apunguze sauti, na akaitaja sauti ya punda kuwa ndiyo mbaya kushinda zote? Na Surat Hujurat si imekataza watu kupaza sauti?"

Nikamwambia: "Mwanangu, umesema kweli. Lakini umesoma aya ya mwenzio, na yako umeiruka."

Akashangaa. Nikamuonyesha kwamba katika wasia huo huo wa Lukman, aya iliyo kabla ya ile ya sauti yakataza mtu kuwageuzia watu shavu kwa kuwadharau. Mwenzao amepaza sauti, nao wamegeuza mashavu. Wasia ni mmoja na mzee aliyeutoa ni mmoja. Hatuna ruhusa ya kuchukua nusu inayomuelekea mwingine tukaiacha inayotuelekea sisi.

Kisha nikafungua Surat Hujurat, nasi tukaisoma yote, aya zake kumi na nane. Nawe ndugu msomaji, isome leo jioni kwa mfuatano, utaona ajabu yake. Inaanza na adabu ya sauti, lakini haikomei hapo. Hupita katika kuhakikisha khabari kabla ya kuisadiki, kisha kuwasuluhisha waliogombana, kisha kukataza kebehi na majina ya kuudhi, kisha dhana mbaya, upelelezi na kusengenya, kisha kabila na asili za watu. Kijana huyu alisimama mlangoni mwa sura, akachukua fimbo iliyokuwa hapo ya kumpigia mwenziwe, wala hakuingia ndani.

Na hata hapo mlangoni, hebu tutazame aya ile ilishuka kwa sababu ya nani. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba mwaka wa tisa wa Hijra ujumbe wa Bani Tamim ulifika Madina. Abubakar akatoa rai kuwa fulani ndiye afanywe mkubwa wao, Umar akatoa rai ya mtu mwingine. Abubakar akamwambia mwenziwe kuwa hakukusudia ila kumkhalifu, Umar akakana, na sauti zao zikapanda mbele ya Mtume (s.a.w.). Ndipo iliposhuka aya. Walikuwa ni nani hao? Ni wabora wawili wa umma huu! Tangu siku ile Umar alikuwa akisema na Mtume kwa sauti ya chini hata ikabidi kuulizwa amesema nini. Basi jueni kwamba kuwa na rai na kupandisha sauti kwa ajili yake si dalili ya kuwa mtu hana kheri. Dalili ni vile anavyokuwa baada ya kunasihiwa.

Tena aya ile kwa asili yake yahusu adabu mbele ya Mtume. Sisi twajifunza kwayo adabu ya baina yetu, na ni haki tujifunze. Lakini haifai kumhukumu karani kwamba amali zake zimeporomoka kwa sababu amesema na simu kwa nguvu.

Na yuko mwingine aliyeguswa na aya hiyo, naye ni Thabit bin Qays, khatibu wa Ansari. Mwenyezi Mungu alimuumba na sauti kubwa. Aliposikia makatazo yale alijifungia nyumbani, akainamisha kichwa, akaamini kuwa amali zake zimebatilika na kuwa yeye ni mtu wa Motoni. Mtume (s.a.w.) akaona hamuoni barazani, akamuulizia. Mtu mmoja akaenda kumtazama, akarejea na khabari ya huzuni ile. Mtume akamrudisha mtu yule na bishara kubwa: kwamba Thabit si wa Motoni, bali ni wa Peponi. Naye alikufa shahidi katika vita vya Yamama, zama za ukhalifa wa Abubakar.

Zingatieni mambo mawili hapo. Sauti ya Thabit ilikuwa ni umbile lake, haikuwa kibri. Na Mtume alijua kutenganisha baina ya koo la mtu na moyo wake. La pili, Thabit alipokosekana aliulizwa habari zake. Huyu wa ofisini je? Amekosekana katika chai ya wenziwe miezi mitatu sasa, na hakuna aliyemuuliza, kwani wao ndio waliomfukuza kwa kunyamaza.

Nikamuuliza kijana: "Mna hakika kuwa anafanya kibri? Huenda amelelewa katika nyumba ya watu kumi na wawili ambamo asiyepaza sauti halishwi. Huenda mzazi wake ni mzito wa masikio. Huenda ni hofu ya ugeni, maana mtu mwenye hofu wakati mwingine husema sana ili asionekane kuwa anaogopa. Mmepata kumuuliza?"

Akasema hawajapata.

Nikamuuliza tena: "Siku ile alipomkatiza mzee, alikuwa akisema nini?"

Hapo alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Alisema hati za wateja zalala mezani siku mbili tatu kabla ya kuandikwa daftarini, na huku makontena yakizidisha siku zake bandarini, na ada ya ghala ikipanda."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, Sheikh."

"Na ada hiyo hulipwa na nani?"

"Na mwenye mzigo."

Nikamwambia: "Basi mwanangu, mtazame huyo mwenye mzigo. Pengine ni mjane mwenye duka dogo, ameagiza bidhaa kwa fedha za kukopa. Lau angekuwapo katika mkutano wenu, angempenda nani? Angewapenda nyinyi mlioinyamazia haki yake kwa sauti za upole, au yule aliyeitaja kwa sauti kubwa?"

Hakujibu, nami sikumtaka ajibu.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kazi ni amana, na mshahara wake ni halali kwa kadiri ya kutekelezwa amana ile. Sisi twajifakhiri kwa ustaarabu wetu, kwamba hatupigi kelele na hatukatizani maneno. Ni sifa njema, wala sitaki tuiache. Lakini ustaarabu ukiwa ni pazia la kufichia uvivu, na upole ukiwa ni njia ya kumzima anayesema kweli, huo si ustaarabu tena, ni khiyana iliyovaa kanzu nyeupe. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, dawa iko mkononi mwake, nasi twabishana juu ya sauti aliyoitangazia.

Ama neno lile "mtu wa kuja", aya ya kumi na tatu ya sura ile ile imelikata. Mwenyezi Mungu ametuumba kwa mwanamume na mwanamke, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane, na mbora wetu mbele yake ni amchaye zaidi. Babu zetu wengi walishuka hapa kutoka katika majahazi, na wengine walitoka bara wakibeba mizigo vichwani. Ni nani katika mji huu ambaye si mtu wa kuja, ila tu wengine walitangulia?

Sasa nirejee kwenye kicheko changu. Kijana alipokuwa akiigiza, mimi niliyekuwa nimekaa juu ya mswala nilicheka. Kusengenya kumefananishwa na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Yeye aliipika, nami nikaionja. Nilipomwambia hivyo aliona haya, akasema: "Lakini Sheikh, niliyoyasema yote ni kweli." Nikamkumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa swali kama hilo, akabainisha kuwa kumtaja mtu kwa analolichukia, nalo analo kweli, huko ndiko kusengenya, na kama hanalo, huo ni uzushi, na ni mkubwa zaidi. Tukaleta istighfari sote wawili, sheikh na mwanafunzi, wala mimi sikuwa na la kumzidi.

Huenda mtu akauliza: Basi tumwache aendelee kuwakatiza wazee? La, hasha. Kumkatiza mkubwa maneno ni utovu wa adabu, na dini ni kupeana nasaha. Lakini nasaha ina njia yake. Kwanza, acheni kikao cha kumjadili. Asiyeweza kukizuia na aondoke. Pili, jambo lake la haki likubalini wazi mbele yake, ili ajue kuwa hamna chuki naye. Tatu, mmoja wenu amwendee peke yake, amwambie kwa maneno laini. Imam Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, amepokewa maneno yenye maana kwamba anayemnasihi nduguye kwa siri amemnasihi kweli, na anayemnasihi hadharani amemfedhehesha. Na Musa na Harun waliamrishwa kusema kwa upole na Firauni. Je, huyo karani mwenzenu amemshinda Firauni kwa uovu, nanyi mmewashinda Musa na Harun kwa utukufu? Nne, kama yako madhara ya kweli na nasaha haikufaa, basi mwelezeni mkubwa wa kazi, kwa kadiri ya haja tu. Imam Nawawi amelihesabu hilo katika yale yaliyoruhusiwa, kwa kuwa ni kushitaki kwa mwenye uwezo wa kuondoa dhulma, wala si maongezi ya kujifurahisha.

Nanyi ndugu zetu wenye sauti kubwa na rai nyingi, msidhani nimewaachia mlango. Katika sura hiyo hiyo wako waliomwita Mtume kwa makelele kutoka nje ya vyumba vyake, wakaambiwa kuwa lau wangesubiri mpaka awatokee ingekuwa kheri kwao. Hawakulaumiwa kwa haja yao, walilaumiwa kwa kukosa kusubiri. Haki inayosemwa kwa pupa huwapa watu udhuru wa kuikataa. Usiwape udhuru huo.

Baada ya Ijumaa mbili kijana alirejea. Alikuwa amemwendea mwenziwe saa ya kufunga kazi, akamwambia mambo mawili: kwamba maneno yake juu ya hati yalikuwa ya haki, na kwamba mzee aliumia kwa kukatizwa. Yule bwana alinyamaza, kisha akasema kuwa hajaambiwa neno la ana kwa ana na mtu yeyote tangu alipofika. Kesho yake alimtaka radhi mzee. Sauti yake, asema kijana, bado ni ile ile. Lakini hati sasa huandikwa siku ile ile zinapofika.

Nikamuuliza lipi lilikuwa zito zaidi kwake. Akasema: "Kumwambia hakukuwa kuzito, Sheikh. Kuzito ni kunyamaza wakati wa chai."

Ewe Mola wetu, tupe masikio ya kuisikia haki ijapokuja kwa sauti tusiyoipenda, na utuhifadhi na ndimi zetu zinaposema chinichini. Uwasamehe tuliowasengenya, nasi utusamehe. Amin.

Wabillahi tawfiq.