Kilichomo Ndani ya Unga

Mpwa wangu ana miaka tisa. Aliniuliza swali la maneno matatu: "Mjomba, hii halali?" Nikamjibu ndiyo. Nilijibu upesi, kama mtu anavyoitikia salamu, macho yangu yakiwa kwenye sufuria ya mafuta. Miezi imepita tangu siku ile, na bado naona jibu lile lilikuwa baya kuliko uongo mwingi mkubwa niliowahi kusema.

Nieleze tulifikaje hapo. Naishi na dada yangu Dallas, Texas. Yeye alitangulia kwa kazi, mimi nikafuata kwa masomo. Sote wawili tumezaliwa Ngamiani, Tanga. Mwanawe kazaliwa huku. Kila mwaka, mwishoni mwa Septemba, hufunguliwa maonyesho ya jimbo la Texas katika viwanja vya Fair Park, na huendelea kwa siku 24. Yalianza mwaka 1886. Fikiria Sabasaba, kisha uongeze mashindano ya ng'ombe na mbuzi, gurudumu la kupandisha watu lenye urefu wa zaidi ya mita 60, na sanamu ya mchunga ng'ombe mwenye kofia pana anayewasemesha wageni kwa kipaza sauti. Kisha uongeze harufu ya mafuta ya kukaangia, kutoka lango la kwanza hadi la mwisho.

Chakula kinachosifiwa kuliko vyote pale ni soseji iliyochomekwa kijiti, ikachovywa kwenye rojo zito la unga wa mahindi, ikazamishwa kwenye mafuta hadi iwe rangi ya andazi lililoiva. Wamarekani huiita corn dog. Ndugu wawili, Carl na Neil Fletcher, walianza kuiuza kwenye maonyesho hayo kati ya 1938 na 1942, na watu wa Dallas wanaihesabu kuwa yao, ingawa majimbo mengine nayo yanadai yalitangulia. Dada aliposikia jina lake mara ya kwanza alimkazia mwanawe macho: "Mbwa wa mahindi? Ndiyo nini hiyo?" Mtoto akacheka mpaka akakaa chini.

Mwaka jana mpwa wangu alipewa tiketi ya bure shuleni, akaenda na wenzake. Nyumbani tuna sharti moja kuhusu nyama: usipojua ilikotoka, hauli. Wenzake walinunua soseji zao, yeye akanunua viazi vya kukaanga, akasimama nao. Hakununa wala hakusimulia kwa uchungu. Jioni aliniambia tu, "Mjomba, zinanukia kama maandazi."

Maneno hayo yalinishinda. Nikamwambia Jumapili ijayo nitampikia nyumbani, na awaalike rafiki zake wawili saa kumi jioni.

Upishi wenyewe si mgumu, ila una vijimasharti vyake. Unga wa mahindi ya njano na unga wa ngano, sawa kwa sawa. Sukari kidogo, chumvi, beking pauda, yai moja, na mtindi wa kutosha kulifanya rojo lishike mgongo wa kijiko. Soseji lazima ikaushwe kwa kitambaa, kisha ipakwe unga mkavu, la sivyo rojo huteleza lote. Rojo unalimimina kwenye glasi ndefu ili soseji izame kwa mchovyo mmoja. Mafuta yawe na nyuzi joto kama 180. Unaishika kwa kijiti sekunde chache ndani ya mafuta kabla ya kuiachia, ganda lipate kujikaza. Dakika tatu hivi inatosha.

Yote hayo niliyajua Jumamosi. Nisilolifanya ni kwenda kwa mchinjaji wetu, ambaye duka lake ni nusu saa kwa gari. Jumapili nilichelewa kuamka, nikachelewa kutoka, na nilipofika nikakuta pamefungwa. Saa ilikuwa tisa. Nikaingia duka kubwa la karibu na nyumbani, nikachukua pakiti ya soseji za ng'ombe. Nilisoma pakiti mara mbili. Hapakuwa na nguruwe. Kuhusu uchinjaji, hapakuwa na neno lolote.

Watoto walikuja. Soseji ya kwanza niliisahau kuikausha, ganda likabaki ndani ya mafuta kama kisiwa, kikatoka kijiti na soseji tupu. Wakacheka, nami nikacheka. Ya pili ilitoka nene upande mmoja. Mpwa wangu akasema, "Hii haifanani na ya maonyesho." Nikamwambia kweli, haifanani, hii ni ya mjomba. Akaridhika kabisa. Akaichukua, akaigeuza, akauliza lile swali lake. Nikajibu. Akala tatu.

Dada alirudi kazini usiku, amechoka. Nilikuwa nimemwekea mbili kwenye sahani. Alinawa, akaketi, akaivuta sahani. Hapo nikasikia mdomo wangu ukisema, "Dada, usile hizo."

Akanitazama. Nikamweleza yote. Hakupandisha sauti. Akasogeza sahani pembeni, akauliza, "Na yeye umemwambia?" Nikakaa kimya. Akasema, "Habari ya nyama ni ndogo, mdogo wangu. Lakini kesho akikuuliza tena, atajuaje?"

Usiku ule nilijitetea peke yangu, na utetezi haukukosekana. Kwanza, wako wanazuoni wanaoruhusu nyama iliyochinjwa na Wakristo au Mayahudi, kwa hiyo huenda hakukuwa na haramu yoyote. Pili, tulifundishwa chuoni kwamba asiyejua hana lawama. Mtoto alikula kwa nia safi, basi yeye hakudhurika. Tatu, alifurahi. Alisimama mbele ya rafiki zake na chakula alichokitamani, kwake, kwa mjomba wake. Furaha ile nani angependa kuivunja kwa ajili ya pakiti isiyo na maneno mawili?

Nilizirudia hoja hizi nikaona zote zina kasoro moja. Zote zinaizungumzia nyama, na kosa langu halikuwa kwenye nyama. Kama naamini rai ya wale wanazuoni, ningeweza kumwambia: nyama hii hatujui imechinjwaje, wako wanaoruhusu, mama yako haruhusu, wewe unasemaje? Sikumwambia hivyo kwa sababu nilijua angesemaje. Jibu langu la ndiyo lilikuwa njia ya kumwondolea uwezo wa kusema hapana. Nilichukua uamuzi uliokuwa wake, nikauamua mimi, kisha nikamwachia aamini kwamba ameamua mwenyewe.

Kuhusu kutokujua kwake, hoja ile inamsafisha yeye, hainisafishi mimi. Tena ilinionyesha jambo baya zaidi. Dada nilishindwa kumdanganya. Mtoto niliweza, bila hata kusita. Tofauti yao ni nini? Dada angeweza kwenda kwenye pipa la taka akaitoa pakiti akasoma. Mtoto hakuwa na pa kusoma zaidi ya uso wangu. Nilimdanganya yule ambaye hakuwa na njia ya kuhakikisha, na sababu iliyonirahisishia ni kwamba hakuwa nayo.

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akikubishia hodi akimtafuta rafiki yako uliyemficha, huna haki ya kumwambia uongo. Nilipolisoma hilo chuo kikuu nilimwona mzee huyu hana akili, na mpaka leo sikubaliani naye. Ningemdanganya muuaji yule bila kujutia. Lakini sisi vijana tunapenda mfano wa muuaji mlangoni kwa sababu unatufariji. Unatuonyesha uongo wa kishujaa, halafu tunautumia kuhalalisha uongo wa kila siku, ambao hauna muuaji wala rafiki aliyefichwa. Mlangoni kwangu palikuwa na mtoto mwenye kijiti mkononi. Niliyemficha ni mimi, mjomba aliyechelewa kuamka.

Nimefikiri pia kwa nini soseji yenyewe haikuwa uongo. Haikufanana na ya maonyesho. Ilikuwa mwigo, tena mwigo wa ovyo. Mwaka 1927 Mmarekani aitwaye Stanley Jenkins aliomba hataza ya chombo cha kukaangia vyakula vya vijiti, na kati ya vitu alivyotaja kuwa vinaweza kuchovywa unga mlikuwamo mayai, jibini na matunda. Ganda la unga halijali limefunika nini. Sambusa nayo haijali, wala katlesi. Ndiyo maana kwetu utani wa mishkaki ya paka hauishi: kila mlaji anajua kwamba anakula kwa neno la mpishi. Mwigo si kosa ikiwa anayepewa anajua ni mwigo. Mpwa wangu alijua ganda ni la mjomba, akalipokea kwa upendo. Cha ndani hakukijua, na ndicho alichokiuliza.

Kesho yake, alipotoka shule, nilimweleza. Nilitayarisha maneno mengi, nikatumia machache. Alisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi nimekosea?" Nikamwambia hapana, nimekosea mimi. Akafikiri. "Sasa mbona hukusema duka limefungwa? Ningesubiri."

Sikuwa na jibu. Ni kweli, angesubiri. Mtoto huyu alikuwa amesimama katikati ya maonyesho, harufu ile ikimzunguka, wenzake wakila, akashika viazi vyake. Subira aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko yangu. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia kumwona akikosa, nikaiita hali hiyo huruma.

Baada ya wiki mbili tulikwenda pamoja kwa mchinjaji, mapema. Tukapika tena. Safari hii nilikausha soseji zote, na ganda likashika vizuri. Kabla sijachovya ya kwanza, alinyoosha mkono akaomba pakiti. Ilikuwa imetoka duka lile lile alilolishuhudia kwa macho yake, na bado aliisoma, mstari kwa mstari, kidole chake kikifuata maneno.

Iliniuma kidogo. Mafuta yalikuwa yameshapata moto, nikayapunguza, nikamsubiri amalize.