Mdomo na Sikio

Je, msomaji, yampasa mdogo kumwambia mkubwa kwamba amekosea?

Ndani ya ndege mna simu: rubani husema na abiria wote kwa kipaza sauti, na wahudumu huweza kumwita rubani. Tarehe 8 Januari 1989, ndege iliyotoka London kwenda Belfast ilipatwa na hitilafu. Rubani alitangaza kuwa injini ya kulia ndiyo mbovu, naye ameizima. Kumbe aliyoizima ndiyo nzima. Baadhi ya abiria walikuwa wameona moto upande wa kushoto, walistaajabu, wakanyamaza. Wahudumu nao hawakumpasha habari ya moto huo. Ndege ilianguka karibu na Kegworth, Uingereza, wakafa watu 47 kati ya 126.

Utasema: abiria hajui urubani. Ni kweli, lakini kuuona moto hakuhitaji elimu hiyo. Simu ilikuwapo; lililokosekana ni neno. Heshima inayoficha kweli humwacha mkubwa gizani. Basi ukiona moto, sema kwa adabu, lakini sema. Nawe utakapokuwa mkubwa, usiwe mdomo tu. Uwe na sikio pia.