Safari Isiyobisha Hodi

Februari iliyopita nilikaa wiki tatu Edmonton, Kanada, kwa kaka yangu. Ni dereva wa malori, na kwa miaka kumi na miwili amekuwa akiweka akiba kwa ajili ya kitu kimoja: gari-nyumba. Yaani lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, unalala pale unapoegesha. Anataka kuliendesha majira ya baridi hadi Inuvik, kaskazini kabisa, kwa barabara ya Dempster. Ni zaidi ya kilomita 700 za changarawe, na kutoka inapoanzia hadi Eagle Plains, mahali pa kujaza mafuta, ni kama kilomita 370 za milima na upepo.

Jumamosi moja akanipeleka yadi kuona magari mawili yaliyobaki kwenye orodha yake. La kwanza lilikuwa kubwa kama basi la mkoani: sofa ya ngozi, friji mbili, na kuta zinazochomoza nje ukibonyeza kitufe, sebule ikapanuka. La pili lilikuwa lori linalovuta kwa magurudumu yote, na chumba kidogo kimepachikwa mgongoni. Ndani yake watu wawili wanapishana kwa ubavu.

"Haya, wewe ndiye msomi," akaniambia. "Chagua."

Nikachagua dogo bila kufikiri. Cha ajabu, hesabu zake mwenyewe zilikubaliana nami. Alinieleza kwamba gari refu, mkia ukizidi sana nyuma ya ekseli, huburuza kwenye mashimo. Kuta zinazochomoza hushika barafu kwenye viungio, asubuhi zikagoma kurudi ndani. Pumzi za kulala na mvuke wa chai huganda ukutani. Betri za lithiamu ukizichaji chini ya nyuzi sifuri zinaharibika. Gesi ya propeni ikifika takribani nyuzi 42 chini ya sifuri haigeuki tena kuwa mvuke, na hita inazimika. Dizeli ya kawaida inakuwa kama uji hata kabla ya hapo. Na kila kilo ya sofa ni kilo iliyonyimwa maji, mafuta au tairi la akiba.

"Sasa kubwa la nini?" nikauliza.

Akanyamaza kidogo. "Ndani ya lile, mdogo wangu, simbishii mtu hodi."

Hapo nikaelewa tulikuwa hatuongelei magari. Majira yake ya baridi ya kwanza kule alilala sebuleni kwa mtu wa nyumbani. Usiku mmoja akasikia kupitia ukutani mwenye nyumba akiulizwa, huyu ataondoka lini. Asubuhi akafunga begi lake, akaaga kwa adabu, na akajiapiza. (Nimemwomba ruhusa kuandika haya. Alisema sawa, ila jina nisiweke.)

Mimi, kwa ujuaji wangu wa vitabuni, nikamhubiria utu. Mtu ni watu, kaka. Anayejitosheleza kwa kila kitu amejifungia nje ya wenzake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kule, anayekuja kukuokoa naye anaiweka roho yake rehani. Wewe unaongelea utu, halafu koleo hujabeba. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi."

Nilikosa jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na nililolipata limo kwenye jina la barabara yenyewe.

Desemba 1910, Inspekta Francis Fitzgerald wa polisi wa Kanada aliondoka Fort McPherson na wenzake watatu kwenda Dawson kwa sleji za mbwa. Alitaka kuwahi, akapunguza chakula. Njiani Esau George, mwenyeji wa jamii ya Wagwich'in, aliwaongoza kipande cha safari, kisha wakamlipa wakaachana naye. Wakapotea. Wakageuza, wakala mbwa wao, na wote wanne wakafa kabla ya kufika walikotoka. Machi 1911 waliokwenda kuwatafuta waliikuta miili yao. Msafara huo uliongozwa na Koplo William Dempster, akiwa na mwenyeji aitwaye Charlie Stewart. Barabara imepewa jina la Dempster.

Katika habari hiyo naona makosa mawili ambayo mimi na kaka tulikuwa tumegawana. La kusafiri na mzigo mwepesi mno ni langu: kumwachia mtu mwingine gharama ya wepesi wangu. La kumlipa mwongozaji na kumwambia asante, tutajua wenyewe, ni la kaka. Kwa hiyo swali la kilo ngapi halitoshi. Kuna mzigo unaobebwa ili usimlemee mtu, na kuna mzigo unaobebwa ili usionane na mtu. Kwenye mizani huwezi kuvitofautisha. Lazima umuulize mwenye mzigo.

John Steinbeck aliondoka kwake mwaka 1960 na gari la mizigo lenye kijumba mgongoni, akaliita Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote. Katika Travels with Charley, kilichotoka 1962, anasimulia alivyowakaribisha ndani vibarua waliovuka kutoka Kanada kuja kuvuna viazi Maine, akawamiminia brandi. Chupa ile nayo ilikuwa mzigo. Aliibeba kwa ajili ya watu ambao bado hakuwajua.

Nisijitoe kwenye kesi hii. Hapa Dar es Salaam naishi ghorofa ya tatu, na jirani yangu wa mlango wa pili simjui jina. Mwezi uliopita gesi iliniishia saa tatu usiku, ugali jikoni. Zamani mama angenituma kwa jirani. Mimi niliagiza mtungi kwa simu, nikakaa saa nzima nikisubiri pikipiki, huku nikisikia kijiko cha jirani kikigonga sufuria. Gari-nyumba langu halina magurudumu, basi.

Kaka bado hajanunua. Wiki jana alinitumia picha ya vitu alivyoanza kukusanya: koleo, minyororo ya matairi, chakula cha makopo, na mifuko miwili ya kulalia, ile minene ya baridi kali. Nikamuuliza wa pili ni wa nani, maana anasafiri peke yake.

"Sijui," akajibu. "Atakayekuwa amekwama."

Nikamuuliza kama ndani ya gari dogo huyo mtu atapata pa kulala. Akasema meza ya kulia inashuka, inakuwa kitanda. Alishaipima.